Ishara za Mkono na Tuhuma za Uovu: Kuhusu Mipaka ya Ufasiri

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna miondoko ya mwili, hasa ya mkono, inavyofasiriwa kuwa alama za uovu uliofichika. Tunadai kwamba maana hiyo ya uovu haipatikani mkononi bali huletwa na mfasiri aliyekwisha kuhukumu, na kwamba hufikiwa kwa hatua zinazoweza kutajwa na kupimwa. Mifano yetu inatoka katika tamthilia ya Othello, katika historia ya siasa za Kenya na katika mabishano ya miaka ya karibuni huko Ulaya na Marekani. Mwishoni tunaonyesha kwamba hatari hiyo hiyo inaukabili uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unaowinda ishara pasipo kuzihoji.

1.0 UTANGULIZI

Mswahili hutofautisha kupepesa na kukonyeza. Anayepepesa ameingiwa na vumbi jichoni au amechoshwa na mwanga. Anayekonyeza ana mtu anayemkusudia na jambo asilotaka wengine walisikie. Kope ni zile zile, na aliye mbali huenda asione tofauti yoyote. Tofauti i katika nia, na lugha yetu imeiweka nia hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle alitumia mfano wa vijana wawili wanaofumba jicho, mmoja bila kutaka na mwingine kwa kumpa mwenziwe siri, ili kuonyesha kwamba maelezo ya tendo la mwili hayakamiliki pasipo maelezo ya maana yake. Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliuchukua mfano huo mwaka 1973 na kuujengea mbinu yake ya kueleza utamaduni. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu mfano huo hata kabla ya kuelezwa.

Suala linalotushughulisha ni lile la mtazamaji anayeona kupepesa na kuapa kwamba ameona kukonyeza; na si kukonyeza kwa kawaida, bali kukonyeza kwa mtu wa kundi ovu anayewasiliana na wenziwe mbele ya macho yetu. Mtazamaji wa aina hii tunaye. Humsikia mtu akicheka na kusema kuwa kacheka kishetani. Huona picha ya mwanamuziki aliyeunganisha vidole vyake, naye hutaja chama cha siri kilichopigwa marufuku huko Bavaria katika miaka ya 1780. Wako wanaomcheka mtazamaji huyu na kumwacha hapo. Sisi tunaona kwamba anastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu anachokifanya ni ufasiri, na ufasiri ndiyo kazi yetu.

2.0 DALILI, ISHARA NA ALAMA

Mwanasemiotiki Charles Sanders Peirce aliugawa uhusiano kati ya kiashiria na kitu chake katika mafungu matatu: ule unaotokana na sababu na athari, kama moshi na moto, ule unaotokana na kufanana, kama picha na mwenyewe, na ule unaotegemea mapatano ya jamii, kama neno na maana yake. Katika makala haya hatutaufuata mgawanyo huo neno kwa neno. Kiswahili kina istilahi tatu ambazo, ijapokuwa hupishana katika mazungumzo ya kila siku, zaweza kutufaa zaidi zikiwekewa mipaka. Nazo ni dalili, ishara na alama.

Dalili ni kile ambacho mwili hukitoa bila kuagizwa: jasho, kutetemeka, macho mekundu, kope zinazochezacheza. Ishara ni tendo ambalo mtu amekusudia lifahamike na mwingine: kupunga mkono, kubinua mdomo, kutikisa kichwa. Alama ni ishara iliyokwisha kupatanwa na kundi fulani hata ikawa na maana moja inayojulikana, mathalani saluti ya askari. Mwili mmoja huweza kutoa zote tatu kwa wakati mmoja, na mkono ule ule huweza kuwa dalili leo na alama kesho.

Ufasiri wa tuhuma, kwa jinsi tunavyouelewa, ni kupandisha ngazi hii pasipo idhini. Kwanza, dalili hugeuzwa ishara: kile kilichotokea tu hupewa nia. Pili, ishara hugeuzwa alama: nia ya mtu mmoja hufanywa kuwa msimbo wa kundi zima. Tatu, na hapa ndipo penye hatari kubwa, kukosekana kwa ushahidi hufanywa ushahidi. Mshukiwa akikana, huambiwa kwamba hivyo ndivyo wanavyofundishwa kukana. Tangu hapo hakuna tendo lolote la mwili wake linaloweza kumwokoa.

Umberto Eco, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1990 na kuchapishwa miaka miwili baadaye, aliyaeleza mazoea haya kuwa ni ufasiri uliopindukia mpaka. Alikiri kwamba matini moja yaweza kuwa na fasiri nyingi halali. Hata hivyo, alishikilia kwamba fasiri mbovu hutambulikana, na kwamba mfasiri anayetafuta siri nyuma ya kila kitu hatimaye huifanya kila siri kuwa ganda la siri nyingine. Tutaona kwamba jambo hili lilitambuliwa na mtunzi wa tamthilia karne nne kabla ya Eco.

3.0 OTHELLO: MWILI ULIOSOMWA KWA MAELEKEZO

Othello ya Shakespeare, iliyoigizwa mbele ya Mfalme James mwaka 1604, huhakikiwa aghalabu kama tamthilia ya wivu au ya ubaguzi wa rangi. Ni hayo yote. Lakini vilevile ni tamthilia ya kusoma miili. Leso ya Desdemona imewashughulisha sana wahakiki hata wakasahau kwamba kabla ya leso kutumika Othello ameshaonyeshwa miili na kufundishwa namna ya kuisoma.

Somo la kwanza linatolewa katika Tendo la Tatu. Cassio, aliyevuliwa cheo, anamwomba Desdemona amtetee. Anapomwona Othello anakuja, anaondoka kwa haraka kwa sababu ya haya. Kuondoka huko ni dalili ya aibu ya mtu aliyefukuzwa kazi, wala hakuna zaidi. Iago ananung'unika kidogo, kana kwamba amejisemea peke yake, kuwa hapendezwi na alichokiona. Kisha anapoulizwa anajitia kukataa kwamba mtu yule angeweza kuwa Cassio, maana Cassio hangenyemelea hivyo kama mwenye hatia. Haya ya Cassio yamepandishwa ngazi kwa sentensi moja. Iago hajasema uongo wowote juu ya kilichotendeka, maana Cassio kweli aliondoka kwa haraka. Alichokifanya ni kuongeza kielezi.

Somo la pili Othello anajipa mwenyewe. Anaushika mkono wa mkewe, anauona una joto na unyevu, naye anaeleza maana yake: mkono wa namna hiyo unahitaji kufunga na kusali, kwani umo shetani mdogo ndani yake atokwaye jasho. Hapa mtunzi anatupa kiini cha mada yetu waziwazi. Jasho la kiganja ni dalili ambayo haimo katika uwezo wa mtu kuiamuru. Mfasiri hakuiuliza, wala hakuwa na haja ya kuiuliza, kwa kuwa alimjua shetani kabla ya kuugusa mkono.

Somo la tatu ndilo kubwa zaidi, nalo limo katika Tendo la Nne, Onyesho la Kwanza. Iago anamficha Othello mahali anapoweza kuona asisikie vizuri. Kisha anamchokoza Cassio kwa habari za Bianca, mwanamke anayempenda Cassio kuliko anavyopendwa. Cassio anacheka, anaigiza kwa mikono yake jinsi Bianca anavyomning'inia shingoni na kumvutavuta. Othello, akiwa mafichoni, anautafsiri kila mwondoko: kicheko hiki ni cha ushindi juu yake, na mkono ule unaeleza jinsi Desdemona alivyomkumbatia Cassio. Hakuna hata kimoja kilicho kweli. Tukumbuke pia kwamba kabla ya Cassio kuingia, Iago ameieleza hadhira mbinu yake: Cassio atatabasamu, na wivu wa Othello, ambao anaueleza kuwa ni wa mtu asiyezoea vitabu, utazifasiri kombo tabasamu na ishara zake. Kwa maneno mengine, Iago anamtambua Othello kuwa msomaji mbaya na kumwandalia matini.

Yafaa kuuliza ni nini hasa kilichokosekana katika usomaji wa Othello. Si macho, kwani aliona vizuri. Si umakini pia. Yamkini hakuna msomaji makini kumshinda mwenye wivu. Kilichokosekana ni mambo mawili: sauti, yaani muktadha wa maneno ambamo mikono ya Cassio ilikuwa ikisema, na nafasi ya kumuuliza Cassio mwenyewe. Iago aliyaondoa yote mawili kwa kumweka mbali. Umbali huo ndio uliomwezesha Othello kuona alichotaka.

Hata hivyo, tamthilia haituruhusu kukimbilia hitimisho kwamba mwili haueleweki kamwe. Katika onyesho la mwisho Desdemona anamtazama mumewe akiung'ata mdomo wa chini na kuyazungusha macho, naye anaelewa sawasawa kwamba anaona hasira ya kuua. Anasoma vyema, na usomaji wake haumwokoi. Tofauti baina ya wasomaji hawa wawili ni kwamba Desdemona anamwuliza mwenye mwili kuna nini, ilhali Othello anauliza tu ili akiri.

4.0 KIDOLE KIMOJA NA VIDOLE VIWILI

Tukitoka jukwaani na kuingia katika historia yetu, tunaikuta hali iliyo tata zaidi, maana hapa ishara yenyewe ilikuwa na maana ya kweli. Katika enzi ya chama kimoja nchini Kenya, kidole kimoja kilichoinuliwa kilikuwa saluti ya KANU. Vuguvugu la kudai vyama vingi liliposhika kasi mwaka 1990, wafuasi wake waliitikia kwa kuinua vidole viwili. Hesabu ilikuwa rahisi: kimoja ni chama kimoja, viwili ni vyama zaidi ya kimoja. Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini mwezi Julai mwaka huo, siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba, na katika siku zile kuonyesha vidole viwili barabarani kulitosha kumtia mtu matatani na askari.

Je, dola ilikosea kusoma? Kwa upande mmoja, haikukosea. Vidole viwili vilikuwa alama, na aliyeviinua alijua anachosema. Kosa lilikuwa katika hatua iliyofuata. Alama ya matakwa ya kisiasa yaliyo wazi, iliyoonyeshwa mchana mbele ya watu, ilifasiriwa kuwa ni uchochezi wa maadui wa nchi. Kisha, kwa kuwa alama hiyo ilikuwa imetiwa uovu, kila jozi ya vidole ikawa mashakani. Anayeagiza chai mbili kwa mbali hutumia vidole viwili, na utingo wa matatu hutumia vidole kuwajulisha abiria idadi ya viti vilivyosalia. Mkono wa kazi na mkono wa siasa vilikuwa na umbo moja. Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa mwezi Desemba 1991, vidole havikubadilika. Kilichobadilika ni idhini ya kuvisoma.

Kidole kimoja nacho kina historia ndefu kuliko chama chochote. Kiswahili hukiita kidole cha shahada, kwa kuwa ndicho Mwislamu anachokiinua katika sala anapomshuhudia Mungu Mmoja. Jina la kidole limebeba ibada ndani yake, na hata asiye Mwislamu akizungumza Kiswahili hulitumia bila kujiuliza. Mwezi Machi 2024, Ramadhani ilipoanza, Antonio Rüdiger, mchezaji wa timu ya taifa ya kandanda ya Ujerumani, alisambaza picha yake akiwa amevaa kanzu nyeupe juu ya mswala na kukiinua kidole hicho. Mhariri mmoja wa zamani wa gazeti la Bild alidai hadharani kwamba hiyo ni ishara ya Waislamu wenye itikadi kali. Ni kweli kwamba wapiganaji wa kundi lililojiita Dola ya Kiislamu walikuwa wakiinua kidole hicho mbele ya kamera. Lakini waliokiiba kidole hawakuwa wenyewe. Rüdiger alichukua hatua za kisheria na kueleza kuwa ni ishara ya umoja na upekee wa Mungu.

Kisa hiki kinatuonyesha jambo ambalo Othello hakutuonyesha. Fasiri ya tuhuma huweza kuwa na mzizi wa kweli. Mfasiri anachukua matumizi machache yaliyo maovu na kuyafanya kamusi nzima. Kanuni ya uhakiki inayojibu hoja hii ni ya zamani: maana ya neno hutafutwa katika kauli lilimotumika, si katika kauli ovu kuliko zote zilizowahi kulitumia.

5.0 PEMBE, DUARA NA MKONO WA KOTINI

Mifano mitatu mifupi itatusaidia kuona jinsi ufasiri huu unavyosafiri. Wa kwanza ni wa pembe, yaani mkono uliokunjwa huku kidole cha shahada na kidole cha mwisho vikisimama. Huko Italia mkono huo hutumiwa kukinga nuksi na kijicho, na pia kumtusi mwanamume kwamba mkewe humsaliti. Mwanamuziki Ronnie James Dio, aliyejiunga na kundi la Black Sabbath mwaka 1979, alieleza kwamba aliupata kwa nyanya yake Mwitalia aliyeutumia kukinga jicho baya. Katika Chuo Kikuu cha Texas mkono huo huo ni salamu ya mashabiki tangu mwaka 1955, kwa heshima ya ng'ombe wa pembe ndefu walio nembo ya timu yao. Mwezi Januari 2005, Rais George W. Bush, mtu wa Texas, na familia yake walipoionyesha katika sherehe za kuapishwa kwake, baadhi ya watazamaji wa Norway walishangaa kuona salamu ya shetani. Kinga dhidi ya uovu ilikuwa imegeuka kuwa uovu wenyewe, na ng'ombe akageuka Ibilisi.

Wa pili ni wa mkono uliotiwa ndani ya koti. Picha aliyoichora Jacques-Louis David mwaka 1812 inamwonyesha Napoleon katika mkao huo, na wako wanaoshikilia kwamba ni alama ya Wamasoni. Mkao huo ulikuwa wa kawaida mno katika picha za waungwana wa karne ya 18. Kitabu cha adabu cha François Nivelon, kilichotolewa London katika miaka ya 1730, kinaupendekeza kwa kuwa unaonyesha ujasiri uliotulizwa na staha. Kilichokuwa adabu ya wote kimefanywa siri ya wachache, kwa sababu tu kitabu cha adabu kimesahaulika.

Wa tatu ni wa duara la kidole gumba na kidole cha shahada, ambalo kwa Wamarekani wengi humaanisha kwamba mambo ni shwari. Mwaka 1717 wala 1917 hauhusiki hapa. Ni mwaka 2017 ambapo watu kadhaa katika mtandao walieneza kwa mzaha uvumi kwamba duara hilo ni alama ya wabaguzi wanaotukuza weupe, wakitaka kuwaona waandishi wa habari wakihangaika. Wabaguzi wa kweli wakaipenda. Mwezi Machi 2019 muuaji wa Waislamu katika misikiti ya Christchurch, New Zealand, aliionyesha mahakamani. Kwa hiyo alama iliyoanza kama uongo ikawa kweli. Mwezi Desemba mwaka huo huo wanafunzi wa vyuo vya kijeshi vya Marekani walionekana katika televisheni wakifanya duara hilo. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba walikuwa wakicheza mchezo wa kitoto wa kumnasa mwenzako alitazame. Mfano huu unamfunga mdomo yeyote asemaye kwamba fasiri mbovu haina madhara kwa kuwa ni upuuzi. Fasiri ikirudiwa vya kutosha huzaa msimbo.

6.0 MACHO MEKUNDU NA PEPO ANAYEULIZWA

Kuna ambao watasema kwamba mabishano ya picha na saluti ni mambo ya walioshiba. Tuwakumbushe basi vikongwe wa Usukuma. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga nchini Tanzania, wanawake wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na miongoni mwa mambo yaliyowahukumu ni wekundu wa macho yao. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wa miaka mingi ya kupika kwa kuni na samadi. Hapa hapakuwa na ishara hata kidogo. Palikuwa na dalili ya kazi. Mwanamke alihukumiwa kwa yale ambayo kulisha familia kulimwachia usoni.

Nchini Kenya tuhuma hiyo ilipata hadhi ya kiserikali. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda Tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake, iliyofikishwa Bungeni mwaka 1999, ilikubali kwamba ibada hiyo ipo nchini. Hatukusudii kuihakiki theolojia ya ripoti hiyo. Tunachokitaja ni athari yake kwa usomaji: mazungumzo ya miaka ile yaliwafundisha wengi kwamba uovu una orodha ya alama, na kwamba raia mwema ni yule aliyeikariri. Aliye na orodha hana haja ya kuuliza.

Hapa utamaduni wa pwani una funzo ambalo halijatumiwa vya kutosha na wahakiki wetu. Kitenzi kupunga kina matumizi mawili. Tunapunga mkono kumwaga msafiri, na tunapunga pepo kumtibu mgonjwa. Katika ngoma ya pepo, mwili wa mgonjwa hutetemeka, huyumba, hupiga kelele. Waliopo huamini kwamba miondoko hiyo ni ya mwingine aliyempanda, na mgonjwa mwenyewe huitwa kiti chake. Mtu angedhani kwamba huu ndio ufasiri uliopindukia kuliko wote. Lakini tazama kanuni zake. Fundi hamtangazi pepo kwa kumtazama tu. Humwuliza jina, kabila lake na atokako, kisha humwuliza anataka nini: kilemba, pete, ubani au karamu. Pepo hujibu, huenda akakataa, na fundi huenda akalazimika kubadilisha ngoma kwa kuwa ile ya kwanza haikumpendeza. Lengo ni kumrudisha mgonjwa kwa watu wake akiwa mzima. Tuamini au tusiamini kuhusu pepo, utaratibu huu unampa mwenye mwili nafasi ya kusema, na unamruhusu mfasiri kukosea na kuanza upya. Othello hakuwa na utaratibu huo, wala waliowaua vikongwe hawakuwa nao.

Vivyo hivyo tuitazame dhana ya uchuro. Mtoto akiweka mikono kichwani au akishika tama, mkubwa humwonya aache, asije akauita msiba. Maana ya mkono inatokana na matanga, ambako walio katika majonzi hukaa hivyo. Onyo hilo linaihofu ishara, lakini halimtuhumu mtoto. Hakuna amwambiaye kwamba yeye ni wakala wa msiba. Ishara huogopwa, mtu akapendwa. Ufasiri wa tuhuma umeupindua mpangilio huo: ishara hutumika kama njia ya kumfikia mtu ili achukiwe.

7.0 UHAKIKI UNAOWINDA

Imebaki kusema ni kwa nini mambo haya yaandikwe katika jarida la fasihi. Sababu ni kwamba mazoea tuliyoyaeleza tumeyafundisha wenyewe madarasani. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anajua kwamba mhakiki hodari huona asichokiona msomaji wa kawaida. Hivyo huisoma tamthilia kwa orodha mkononi: jogoo ni KANU, nyoka ni Ibilisi, mkono wa kushoto ni usaliti. Tunamsifu kwa wingi wa alama alizozigundua, nasi hatumwulizi ni kitu gani katika matini kingeweza kuikanusha fasiri yake.

Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1971, ni kipimo kizuri. Jina lake lenyewe linamvuta mwenye orodha. Inaanza kwa mchezo: Juma na Kitaru, marafiki wawili wasomi, wanaigiza, mmoja akiwa Shetani na mwingine Binadamu. Baadaye Kitaru anaugua ugonjwa usioelezeka kwa urahisi, na wazazi wake wanahangaika kutafuta maana yake. Anayewinda alama atasema kwamba mwili wa Kitaru umeingiliwa, kisha atafunga kitabu. Anayesoma atarudi kwenye mchezo na kuuliza nani alicheza nafasi ipi, na vijana hao wanatoka katika koo zipi. Atakumbuka kwamba Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yameipandisha nyumba moja na kuishusha nyingine. Ndipo atakapoona kwamba shetani katika tamthilia hii ni jina la uhusiano wa watu na historia yao, uhusiano ambao mwili wa Kitaru unautolea dalili bila kuweza kuusema. Fasiri hii haikufikiwa kwa kupuuza ishara. Ilifikiwa kwa kuihoji ishara ndani ya tukio lake.

8.0 HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuisoma ishara ya mwili kuwa ya kishetani si ujinga wa kutojua kusoma, bali ni aina ya usomaji wenye hatua zake: kuipa dalili nia, kuipa nia msimbo, na kuufanya ukimya kuwa ungamo. Tumeonyesha pia kwamba jibu lake si kudai kwamba mkono hauna maana. Vidole viwili vya mwaka 1990 vilikuwa na maana, na waliovikana maana hiyo wangewasaliti walioviinua. Duara la mwaka 2019 nalo lilikuwa na maana mahakamani Christchurch na halikuwa nayo katika mchezo wa wanafunzi. Kinachotakiwa ni ufasiri unaorudi kwenye tukio, unaosikiliza maneno yaliyofuatana na mkono, na unaokubali kwamba mwenye mkono anaweza kuujibu.

Mhakiki wa fasihi ana bahati ambayo askari wa mwaka 1990 na wanakijiji wa Usukuma hawakuwa nayo. Akikosea, hakuna anayekamatwa wala kuuawa. Kitabu hubaki pale pale kikisubiri kusomwa upya. Kwa sababu hiyo darasa la fasihi ndilo mahali pa kujifunzia adabu ya kusoma kabla ya kutoka barabarani, ambako miili haisubiri. Mwanafunzi aliyezoea kuliuliza swali la pili mbele ya tamthilia huenda akaliuliza pia mbele ya kikongwe mwenye macho mekundu.